Nyumba ya Severus kwenye Trei Moja: Shajara ya Mradi wa Sarafu za Kirumi

Mradi huu nimeuwekea mpaka: denari za fedha za Kaizari Septimius Severus na jamaa zake, kuanzia mwaka 193 hadi 235. Sikusanyi makaizari wote. Wengi wanaoanza uraibu huu hutaka sura moja ya kila mtawala tangu Augustus, na baada ya muda wanajikuta na safu ndefu ya nyuso wasizozijua. Mimi nataka kuijua nyumba moja vizuri: nani alimwoa nani, nani alimuua nani, jina lilibadilika mwaka gani na kwa sababu ipi.

Nyumba yenyewe nimeichagua kwa moyo wangu wote. Severus alizaliwa mwaka 145 katika mji wa Leptis Magna, karibu na Khoms ya leo nchini Libya. Alifia York, Uingereza, tarehe 4 Februari 211. Mimi naishi Leeds, mwendo mfupi wa treni kutoka hapo alipokata roho. Mkewe alitoka Syria. Kwa hiyo kwa zaidi ya miaka 40, karibu muda wote, dola la Roma lilikuwa mikononi mwa watu wenye asili ya Afrika na Shamu, na pesa zao zinapatikana hadi leo kwa bei ambayo mtu wa mshahara wa kawaida anaimudu. Denari ya kawaida ya Severus, yenye maandishi yanayosomeka, naipata kwa chini ya pauni 80.

Januari

Vifaa kwanza. Mizani ndogo ya aina wanayotumia masonara, inayosoma mpaka gramu 0.01. Lenzi ya kukuza mara 10. Taa ya mezani inayoinama, maana maandishi yaliyolika huonekana mwanga ukitoka ubavuni. Trei ya mbao yenye vishimo vya duara, na bahasha ndogo za karatasi isiyo na asidi. Vifuko vya plastiki laini yenye PVC nimevikataa kabisa: ikizeeka, plastiki hiyo hutoa kemikali inayoishambulia shaba iliyochanganywa na fedha, na sarafu huota utando wa kijani unaonata. Sarafu imekaa ardhini miaka 1800 ikasalimika. Haifai ije kufia ndani ya kifuko changu.

Aliyeingia wa kwanza ni mwenye nyumba. Gramu 3.21, imegongwa Roma. Upande wa sura inasema SEVERVS PIVS AVG (AVG ni kifupi cha Augustus, cheo cha kaizari), herufi V ikisimama mahali pa U kama ilivyo desturi ya maandishi yao. Kichwa kina taji la majani na kinatazama kulia. Ukisogeza lenzi kwenye kidevu utaona ndevu zimegawanyika chini, kila kishungi kimechongwa peke yake. Ndevu hizo ni siasa tupu. Mwaka 195 Severus alijitangaza kuwa mwana wa Kaizari Marcus Aurelius, wakati Marcus alikuwa amekwisha kufa miaka 15 nyuma, na wachongaji wakamfananisha na huyo "baba" mpya.

Upande wa pili: P M TR P XVIII COS III P P. Mtu akiona mara ya kwanza hudhani ni mafumbo, kumbe ni tangazo la serikali lenye tarehe. P M ni kuhani mkuu. TR P ni mamlaka ya mtetezi wa raia, ambayo kaizari alihuishiwa kila mwaka. COS III, amekuwa konsuli mara tatu. P P ni Baba wa Taifa. Severus alishika madaraka 193. Lipe mwaka huo namba moja, hesabu mpaka 18, unafika 210. Mwaka huo kaizari hakuwepo Roma. Alikuwa kaskazini ya Uingereza akipigana na Wakaledonia, mgonjwa wa miguu, na huku nyumbani mafundi wanaendelea kugonga sura yake. Katikati ya sarafu amesimama Jupiter, na kila upande wake kuna mtoto mdogo. Wengi huwasoma watoto hao kuwa ni Caracalla na Geta, wana wawili wa Severus, wakiwa chini ya ulinzi wa mungu mmoja. Nimeitazama picha hiyo muda mrefu, kwa kuwa najua kilichofuata.

Februari

Nimekwenda York. Baridi ilikuwa ile inayopenya glavu. Chini ya kanisa kuu la York Minster kuna mabaki ya makao makuu ya ngome ya Kirumi, ngome ya kikosi cha Legio VI Victrix, na mtu anaweza kushuka akayaona. Severus alichomwa kwa heshima hapa hapa York, majivu yake yakapelekwa Roma katika kaburi la Hadrian.

Cassius Dio, seneta aliyeishi zama hizo, anaeleza wosia wake kwa wanawe: muelewane, watajirisheni askari, wengine wote msiwajali. Kabla ya mwaka 211 kwisha, Caracalla alikuwa amemuua Geta.

Kwenye Yorkshire Museum nilisimama kwa muda mbele ya mifupa ya mwanamke wa karne ya nne, aliyezikwa na bangili za pembe za ndovu pamoja na bangili za jiwe jeusi la Yorkshire. Wataalamu waliopima fuvu na meno yake wanasema huenda alikuwa na asili ya Afrika Kaskazini. Si sarafu, lakini nimemwandika humu kwa sababu anaujibu ule mshangao ninaokutana nao kila ninapotaja Severus: "Mwafrika, York, zama zile?" Naam, tena hakuwa peke yake.

Jambo jingine linalonigusa. Historia Augusta, kitabu cha baadaye ambacho si cha kuaminiwa kwa kila neno, kinasema Severus alizeeka na lafudhi yake ya Kiafrika, na kwamba dada yake alipokuja kumtembelea kutoka Leptis, Kilatini chake kilikuwa kibovu kiasi cha kumwaibisha kaka, naye akamrudisha nyumbani na zawadi zake. Sisi tunaoishi ughaibuni tunajua dada kama huyo ni nani. Mimi ningemkalisha mezani na kumwekea chai.

Machi

Julia Domna. Huyu ndiye ninayempenda kuliko wote kwenye trei, na ndiye anayefaa kwa anayeanza, kwa sababu denari zake zinajigawa zenyewe katika vipindi vitatu kwa kusoma jina tu. IVLIA DOMNA AVG ni miaka ya mwanzo, 193 hadi 196. IVLIA AVGVSTA ni kuanzia 196 hadi mumewe alipofariki 211. IVLIA PIA FELIX AVG ni zama za mwanawe Caracalla, mpaka 217. Binti wa kuhani wa mungu jua wa Emesa, mji unaoitwa Homs sasa.

Nimepata ya kwanza na ya pili. Ile ya kwanza ina Venus aliyetupa mgongo: amesimama akiegemea nguzo, nguo imeteremka mpaka chini ya kiuno, mkononi ana tofaa na tawi la mtende, na maandishi yanasema VENERI VICTR, kwa Venus Mshindi. Mchongaji alikuwa na nafasi ya milimita 15 hivi na bado uzito wa mwili unaonekana umelalia mguu mmoja.

Nywele za Julia zinastahili lenzi. Mawimbi yanashuka kutoka utosini yakifunika masikio, halafu yanakusanywa kisogoni kuwa fundo kubwa na bapa. Kuna wataalamu wanaoamini ni wigi. Kwenye sarafu yangu ya pili mawimbi hayo yanahesabika, na hiyo ndiyo sababu niliilipia zaidi ya bei niliyojiwekea.

Aprili

Habari ya fedha yenyewe. Denari ya Augustus ilikuwa karibu fedha tupu. Nero aliipunguza uzito na ubora mwaka 64. Chini ya Severus fedha ilibaki karibu nusu tu, iliyobaki ni shaba. Sababu inajulikana: aliwaongezea askari mishahara, akaunda vikosi vipya vitatu, akapigana na Waparthi mpaka akauteka mji wao wa Ctesiphon. Vita vililipwa kwa kuchanganya. Mwaka 215 Caracalla akaleta sarafu mpya, tunayoiita antoninianasi, kaizari akiwa amevaa taji la miale. Kwa kawaida huhesabiwa kuwa na thamani ya denari mbili, lakini uzito wake ulikuwa kama wa denari moja na nusu. Miaka 50 baadaye, chini ya Kaizari Gallienus, sarafu hiyo ilikuwa shaba iliyopakwa utando mwembamba wa fedha.

Nimenunua kwa makusudi denari moja bandia ya zama zile zile. Ina kiini cha shaba kilichofunikwa ganda la fedha, na ganda limepasuka chini ya shingo ya kaizari likaacha doa jekundu. Gramu 2.58. Ni ya bei ndogo na inafundisha kuliko kurasa nyingi: mtu wa karne ya tatu aliipokea sokoni akiamini, au aliitoa akijua.

Feki za kisasa ni jambo jingine, hizo sizitaki trei mwangu. Kwenye mtandao mmoja wa mauzo nimekuta denari mbili za Geta kutoka kwa wauzaji wawili tofauti, zote na ufa ule ule ukingoni, mahali pale pale, na mkwaruzo ule ule shavuni. Chapa moja inaweza kugonga sarafu nyingi, lakini ufa wa ukingo hutokea kwenye kipande kimoja cha madini na hauwezi kurudiwa. Sarafu mbili zenye ufa mmoja zimemiminwa kwenye kalibu moja. Ninapokagua naangalia pia ukingo wote kwa lenzi, nikitafuta mstari wa kiungo au vitobo vidogo vya hewa, halafu uzito. Denari ya Severus yenye gramu 4 na zaidi inanipa mashaka hapo hapo.

Juni

Wana wawili. Caracalla ndiye pekee ninayeweza kumwona akikua kwenye fedha. Sarafu ya kwanza niliyonayo ni ya mtoto wa miaka kumi hivi, ANTONINVS AVGVSTVS (Antoninus ndilo jina lake rasmi, Caracalla ni la utani), mashavu ya mviringo, nywele za mawimbi, begani joho lililofungwa kwa kifungo. Ya pili, ANTONINVS PIVS AVG, ni kijana mwenye ndevu zinazoanza kwenye taya. Ya tatu ina GERM mwishoni, ina maana ni ya mwaka 213 au baadaye, baada ya kujiita mshindi wa Wajerumani. Hapo nyusi zimekutana, paji la uso lina mkunjo, na shingo ni nene kama ya mpiganaji. Nimeziweka kwenye mstari mmoja wa trei na sina mpango wa kuzitenganisha.

Geta ni habari ya kusikitisha. Jina lake la kwanza lilikuwa Lucius kwenye sarafu za mwanzo, likageuka Publius karibu mwaka 200, na kwenye denari yangu linaanza na P. Aliuawa Desemba 211, akiwa amekumbatiwa na mama yake, kwa mujibu wa Dio. Baada ya hapo iliamriwa jina lake lifutwe kote. Kwenye tao la baba yake lililosimamishwa Roma mwaka 203 mpaka leo unaona mahali maandishi yalipochimbwa na kuandikwa upya. Katika miji kadhaa ya Asia Ndogo watu walifuta sura yake hata kwenye sarafu za shaba. Denari za Roma, hata hivyo, zilikuwa zimekwisha kutawanyika mifukoni kote duniani kwao. Ndiyo maana Geta bado yupo, na ndiyo maana naweza kumnunua kwa bei ya kaka yake.

Julai

Mwezi huu sijanunua kitu, na nimeandika kanuni ya mradi.

Angalia ramani: mume ni wa Libya, mke ni wa Syria. Nchi hizo mbili zimeporwa mali za kale kwa kiwango cha kutisha tangu 2011. Baraza la Kimataifa la Makumbusho, ICOM, lilitoa orodha nyekundu ya dharura kwa Syria mwaka 2013 na kwa Libya mwaka 2015, na sarafu zimo. Mtu anayeipenda nyumba ya Severus halafu ananunua sarafu isiyo na historia kutoka kwa mtu asiyejibu maswali, analipia koleo linalofukua makaburi ya watu hao hao. Sioni namna ya kulizunguka hilo.

Kwa hiyo kanuni ni moja: kila sarafu iwe na umiliki unaoweza kuonyeshwa kwa karatasi. Risiti ya mnada wa zamani, tiketi ya duka iliyoandikwa kwa mkono, picha katika katalogi, au namba ya kumbukumbu ya Portable Antiquities Scheme, mpango wa Uingereza unaorekodi vitu vinavyookotwa na wananchi. Sheria ya hazina ya hapa, ya 1996, inamtaka aliyeokota sarafu mbili au zaidi za fedha au dhahabu, pamoja, zenye umri wa miaka 300 kwenda juu, atoe taarifa ndani ya siku 14. Makumbusho yanapewa nafasi ya kwanza kununua, na zisizohitajika hurudi kwa mwenyewe. Hizo zikifika sokoni huja na namba zake, na kwangu namba hiyo ni bora kuliko taji la majani lililobaki kamili.

Ndiyo, bei inapanda. Ndiyo, sarafu nzuri zimenipita. Nilimwuliza muuzaji mmoja denari yake ya Julia Pia Felix imetoka wapi, akanijibu "mkusanyo wa zamani Ulaya" bila jina wala mwaka. Sarafu ilikuwa nzuri kuliko zangu zote, lakini udongo bado uko ndani ya herufi. Nimeiacha.

Septemba

Mnada. Nilikuwa naiwinda denari ya Severus yenye neno AFRICA: mwanamke aliyesimama, kichwani amevaa ngozi ya kichwa cha tembo, mkonga ukiwa juu ya paji la uso na pembe zikijitokeza, nguo ameikunja mbele kubeba mazao, na simba miguuni pake. Ni ya karibu mwaka 207. Nchi yake mwenyewe, kwa pesa zake mwenyewe. Bei ilipanda kwa kasi nikabaki nikitazama kioo.

Katika mnada huo huo nikapata nyingine ya Afrika, INDVLGENTIA AVGG IN CARTH. Mungu mke wa Carthage, Dea Caelestis, amekaa juu ya simba anayekimbia, na chini yao maji yanatiririka kutoka mwambani. Inakumbusha fadhila ambayo makaizari waliufanyia mji wa Carthage, na kwa sababu ya yale maji wengi huihusisha na mradi wa maji wa mji huo. Sarafu imechakaa upande wa sura lakini simba ametulia vizuri, mkia juu, na imekuja na tiketi ya duka la London ya miaka ya 1970. Katika Leptis pia Severus alijenga: bandari, jukwaa la mji, nguzo za marumaru. Umoja wa Mataifa kupitia UNESCO uliuingiza mji huo katika Urithi wa Dunia mwaka 1982.

Oktoba

Mjomba alipiga simu kutoka Tanga. Nilimtumia picha za simba.

"Mwanangu, na kwetu pesa hizi zilifika?"

Nikamsomea maelezo ya Periplus ya Bahari ya Erithrea, mwongozo wa wafanyabiashara ulioandikwa kwa Kigiriki katikati ya karne ya kwanza, kama miaka 150 kabla ya Severus. Unataja pwani ya Azania na soko lake la mwisho, Rhapta, ambalo mahali pake bado panatafutwa na wengi wanaelekeza pwani ya Tanzania. Bidhaa zilizoletwa zinatajwa: mikuki iliyotengenezwa Muza kule Yemen, mashoka, visu, sindano za kutobolea, vito vya kioo. Zilizoondoka ni pembe za ndovu, pembe za faru, magamba ya kasa. Pesa haimo katika orodha ya Azania, ilhali mwongozo huo huo unazitaja denari kwa bandari ya Adulis, Eritrea ya leo.

"Basi walitupa shoka wakachukua ndovu," akasema Mjomba. Nimemwahidi kumpelekea picha za ukubwa wa karatasi nzima, apate kuona ngozi ya tembo kichwani mwa Africa, japo sarafu yenyewe si yangu.

Novemba

Kizazi cha pili kinasogea. Caracalla aliuawa karibu na Carrhae tarehe 8 Aprili 217, Julia Domna akafariki mwaka huo huo, na watu wakadhani nyumba imekwisha. Dada wa Domna, Julia Maesa, ndiye aliyeirudisha: akamweka mjukuu wake Elagabalus mwaka 218, na alipoona anawakera askari akamwandaa mjukuu wa pili, Severus Alexander, aliyeshika 222. Maesa nimempata, PVDICITIA (staha), uso wa bibi anayejua anachokitaka. Elagabalus nimempata pia, na nyota iliyopo pembeni ya kuhani anayetoa sadaka iko wazi. Alexander ni rahisi kumpata, nitamnunua mwishoni. Aliuawa pamoja na mama yake karibu na Mainz mwaka 235, na hapo ndipo trei inapofungwa.

Bado nawatafuta Julia Domna wa kipindi cha tatu, Geta akiwa na cheo cha Augustus na ndevu zake kama za baba, na Orbiana, mke wa Alexander aliyefukuzwa baada ya muda mfupi. Annia Faustina, mke mmojawapo wa Elagabalus, nimemfuta katika orodha: sarafu zake ni adimu mno na bei yake si ya mtu kama mimi.

Plautilla yuko njiani, au huenda yuko. Aliolewa na Caracalla mwaka 202, baba yake akauawa 205, yeye akahamishiwa kisiwa cha Lipari na baadaye naye akauawa. Denari ninayoitaka inaonyesha yeye na mumewe wameshikana mikono, na maandishi ni PROPAGO IMPERI, kuendeleza utawala. Muuzaji anasema ilikuwa katika mkusanyo uliouzwa miaka ya 1960 na kwamba tiketi anayo. Nimemwomba picha ya tiketi pande zote mbili, na pesa nitazituma nikishaisoma.